Sekunde Tano za Giza

Juzi nilijikinga mvua kwenye kituo cha pikipiki, hapa Mabanga, mjini Goma. Kando yangu kijana mmoja wa pikipiki alikuwa anamalizia filamu kwenye simu yake. Ilipokwisha, aliifuta kwa kidole gumba na papo hapo akaanza kutafuta nyingine. Nikamwuliza mbona ameifuta.

"Muzee, nimeisha kuiona," akasema. "Ibakie ya kufanya nini?"

Jibu langu lilikuwa refu kuliko ile mvua, na yeye alikuwa na abiria wa kungojea. Ndiyo maana nimekaa kuliandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaofuta mambo kwa kidole gumba.

Naitwa Faustin. Hapa mtaani wananiita Papa Karte, na watoto wengine wanadhani ndilo jina nililobatizwa. Kwa miaka zaidi ya kumi na mitano kazi yangu ilikuwa moja: kuwawekea watu filamu kwenye simu. Mtu alikuja na kadi yake ya memori, kile kidude kidogo kama ukucha tulichokiita karte. Nilikichomeka kwenye kompyuta, nikamjazia filamu alizotaka, akaenda zake kutazama nyumbani. Kibanda changu kilikuwa cha mbao, kimesimama juu ya mawe ya volkeno, na mlango wake haukuwahi kufunga vizuri. Sasa nimestaafu. Hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu. Simu zenyewe ndizo zilizonistaafisha. Nyingi za siku hizi hazina hata tundu la kadi.

Ninyi mmezikuta filamu zinatiririka toka hewani kama maji ya bomba, siku bomba likiwa na maji. Sisi tulizipika. Simu za mwanzo zilikuwa na kioo kidogo kama kisanduku cha kiberiti, na filamu nzima haikuingia mpaka uibane. Kompyuta iliibana kutoka asubuhi hadi alasiri, na ikibaki robo tu, umeme unakatika. Unaanza upya. Ikitoka hapo imebanwa kiasi kwamba huwezi kujua kama mtu analia au anacheka, na bado mteja anaondoka anashukuru.

Hakuna aliyekuja na jina la filamu. Walikuja na maelezo: "Nipatie ile ya yule munene anakufaka mwanzoni." Ukimwambia wanene wanaokufa mwanzoni ni wengi, anakukasirikia, anasema huijui kazi yako. Zilizopendwa kuliko zote ni zile zilizotafsiriwa, ambazo mtu mmoja anasema Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Huyo mtafsiri alikuwa hatafsiri tu. Aliwagombeza wahusika, aliwatabiria kifo, na mara nyingine alisimamisha maneno yote ili akohoe. Mama mmoja jirani yangu alikataa filamu isiyo na kikohozi kile, akasema ni ya bandia.

Kazi hii nilifundishwa na Muzee Kambale, mfanyabiashara wa Butembo. Alianza kwa kuuza vitenge, kisha akaona watu wananunua kitenge mara moja kwa mwaka lakini filamu wanaitaka kila wiki. Alikuwa mtu wa misa ya asubuhi, mpole, asiyejua kukimbia hata nyumba ikiwaka. Alinifundisha kusugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli inapokataa kusoma. Alinifundisha nisiichomoe kamwe taa ikiwa bado inapepesa, maana kadi hufa kwa haraka ya mtu. Mambo hayo nimeyafundisha kwa wengi, na bado yanafaa.

Lakini alikuwa na mambo mengine mawili ambayo niliyaona ni uzee tu. Kadi za watu zilikuja zimejaa, ikabidi kufuta vitu ili filamu zipate nafasi. Kabla ya kufuta chochote, Kambale alinakili picha na video zote za mteja kwenye diski yake, katika folda aliyoiita "Za Batu", yaani za watu. Mteja hakuomba wala hakujua. Kisha, kabla ya kufuta, alifungua video moja moja na kuitazama sekunde tano, huku kifaa cha kusikilizia kimeingia kwenye sikio moja. Sikio la pili alilibakiza kwa ajili ya mteja. Kifaa hicho kilikuwa na msumari wake ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitu kingine hapo.

Siku moja foleni ilifika barabarani, nikamwambia: "Papa, hizi ni video za arusi za watu. Wenyewe wamesema tufute."

"Mutoto wangu," akasema bila kugeuka, "filme inarudiaka. Leo haiko, kesho mutu analeta ingine. Lakini ya mutu, ukiisha kuifuta, haiko nayo mutu yeyote mu dunia."

Nilimwona mzee anapoteza wakati. Alipougua na kurudi kwao Butembo, aliniachia kompyuta, diski, na ule msumari wenye kifaa chake. Hakurudi tena.

Nilipobaki peke yangu nikawa mjanja. Niliacha kungoja diski za filamu kutoka Kampala, nikaanza kuzivuta mwenyewe. Huko Himbi, ambako kuna ofisi na maua mbele ya mageti, nilipatana na sentineli, mlinzi wa geti la ofisi moja. Yeye alinipa neno la siri la mtandao, mimi nilimjazia simu yake. Nilikaa juu ya jiwe nje ya ukuta, kompyuta ndani ya mfuko, na mbele yangu nikapanga maparachichi kumi ili nionekane muuzaji. Nilifanya hivyo miezi mingi. Kisha siku moja mama mwenye ofisi akatoka mwenyewe, akataka kuyanunua yote kumi. Filamu ilikuwa inakaribia mwisho. Nikiuza, sina tena sababu ya kukaa pale.

"Hayauzwi, mama," nikasema.

"Hayauzwi? Sasa umekaa hapa na avoka za kufanya nini?"

"Yanangoja kuiva."

Alinitazama, akautazama mfuko uliokuwa unavuma kwa joto, akarudi ndani. Kesho yake neno la siri lilikuwa limebadilishwa, na sentineli wangu amehamishiwa geti la nyuma. Nacheka nikikumbuka. Ni moja ya mambo machache ya kazi ile ambayo bado naweza kuyacheka.

Halafu mtandao ukawa rahisi kidogo, wateja wakaongezeka, na diski ikajaa. Ulikuja mfululizo mmoja mrefu ambao mji mzima uliutaka, vipande juu ya vipande, na sikuwa na mahali pa kuuweka. Niliitazama diski nikaona kitu kimoja tu kinachokula nafasi bila kuleta mteja: folda ya "Za Batu". Arusi, ubatizo, matanga, watoto wanaojifunza kutembea, watu ambao sikuwajua. Niliifuta yote. Haikuchukua hata muda wa kumaliza chai. Toka siku hiyo sikunakili tena kitu cha mteja. Sekunde tano nilizibakiza, kwa heshima ya mzee, lakini kifaa cha sikioni kilibaki kwenye msumari wake. Kilinichoma sikio, foleni ilikuwa ndefu, na jirani alikuwa na jenereta ambalo halikukuachia usikie chochote.

Mnaijua miaka ambayo vita viliwasukuma watu wa Rutshuru na Masisi mpaka huku mjini. Kambi zilijaa pembeni mwa Goma, mahema juu ya mawe. Mtadhani watu wa kambini hawakuwa na haja ya filamu. Wao ndio waliozihitaji kuliko wote. Simu moja ilikaa katikati ya hema, watoto sita wanaizunguka, na kwa saa moja hakuna anayelilia chakula.

Mama Esperance alikuja katika siku hizo. Alikuwa mkulima wa Kalengera, kijiji kilicho kwenye barabara kuu ya kwenda kaskazini, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye watoto wanne. Baba yake, Muzee Semivumbi, alikuwa amekimbia pamoja naye na alikuwa amelala kambini, anaumwa kifua.

"Papa Karte, uniwekee filme za batoto," akasema. "Na zile banatafsiri. Batoto banalia sana. Lakini karte imejaa."

"Nifute gani, mama?"

"Futa yote unaona haina kazi. Lakini kuko video ya papa yangu mule ndani. Ile usiiguse."

"Papa yako nitamujua namna gani?"

"Ni muzee wa kofia. Utamuona tu."

Akaenda kutafuta unga wakati nafanya kazi. Nilifungua video moja moja, sekunde tano, kama nilivyofundishwa. Watoto wanakimbizana na mbuzi. Kwaya. Kisha nikampata: mzee mwembamba, kofia kichwani, anacheza arusini mikono juu. Nikafurahi. Nikaiweka pembeni, nikaiandikia jina "Papa" ili isipotee, na nikajiona fundi mwenye moyo. Mbele kulikuwa na faili jingine, kubwa. Nikalifungua. Kioo cheusi. Sekunde moja, mbili, tatu, nne, tano: giza tupu.

Mnapaswa kuelewa kwamba kazini kwetu giza lilikuwa na maana yake. Faili lililokatika njiani wakati wa kurushwa toka simu hadi simu hufunguka hivyo hivyo, jeusi, halina kitu. Tuliyaita maiti. Nimefuta maiti maelfu, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kuyadai. Nililifuta na hilo, na kwa kuwa lilikuwa kubwa, nilishukuru kwamba limenipa nafasi ya filamu tatu nzima. Kadi ikajaa mpaka juu. Mama Esperance aliporudi, akaona orodha ilivyo ndefu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti sana, papa," akasema. "Aksanti."

Miezi ikapita. Aliporudi, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheusi. Simu yake ilikuwa imevunjika kioo, lakini kadi alikuwa nayo, ameifunga kwenye pindo la kitenge.

"Papa alikufa," akasema. "Unifungulie ile video yake."

Nikampa pole, nikaichomeka kadi, na kwa haraka ya mtu anayejua kazi yake nikafungua faili lililoandikwa "Papa". Yule mzee akatokea anacheza, mikono juu. Mama Esperance akatazama. Akatazama tena.

"Huyu si papa," akasema. "Huyu ni Habimana, baba mudogo. Banafanana. Papa iko wapi?"

Nikashuka kwenye orodha, nikapanda, nikashuka. Filamu, filamu, filamu, kwaya, mbuzi, filamu.

Akakaa kwenye benchi, akanieleza. Siku waliyokimbia Kalengera, milio ikiwa tayari inasikika ng'ambo ya mlima, baba yake alichukua simu ya binti yake na kwenda kuzunguka shamba. Hakuwa na mtoto mwingine ila yeye. Karatasi ya shamba hawakuwa nayo, ni nani kijijini aliye nayo? Na kwa desturi, mzee akifa bila mtoto wa kiume, shamba linarudi kwa ndugu yake. Mzee hakutaka hivyo. Alizunguka mipaka yote, akaonyesha jiwe kwa jiwe na ua kwa ua, akataja majirani wa kila upande, akasema kwa mdomo wake: shamba hili ni la binti yangu Esperance. Alisema kwa Kiswahili, si kwa Kinyarwanda chao cha nyumbani, ili hata akija chef mgeni, mkuu asiyejua lugha yao, aelewe.

"Mi nilikuwa nafunga mizigo," akasema. "Nilimukasirikia. Batu banakimbia, yeye anazunguka shamba. Ananiita, sikuitika. Mu mwanzo hauone kitu, juu ya vile alikuwa amefunika jicho ya simu na kidole. Hakujua. Kisha akatosha kidole, akakiondoa, njo unamuona."

Nilielewa palepale. Kidole cha mzee kilikuwa kwenye jicho la simu, kwa hiyo giza. Lakini sauti ilikuwepo. Tangu sekunde ya kwanza sauti ilikuwepo, na kifaa cha kuisikilizia kilikuwa kwenye msumari, mkono mmoja kutoka kichwani kwangu.

Sasa ngojeni niwaambie kitu ambacho sikumwambia hata padri. Nilimtazama yule mama usoni nikasema: "Pengine simu yako njo ilifuta. Hizi simu zinafutaka zenyewe."

"Pengine," akasema. Aliniamini kabisa. Aliniachia kadi, akaomba nijaribu kutafuta.

Nilitafuta. Kuna programu za kufukua vilivyofutwa, na nitawaeleza zinavyofanya kazi, maana wengi wenu mnadhani kufuta ni kutupa. Ukifuta kitu, hakiondoki mara moja. Kinabaki pale pale, ila kadi imeambiwa nafasi hiyo ni ya bure. Ukiacha kadi hivyo hivyo, usiiandike tena, unaweza kukirudisha chote. Kinachokiua ni kile unachoweka juu yake. Na mimi nilikuwa nimeweka filamu. Niliijaza mpaka juu, kwa sifa. Siku tatu nilifukua, umeme ukikatika naanza upya, na nilichopata ni risasi, magari yanayoruka, wanene wanaokufa mwanzoni. Mahali alipokuwa anasimama Muzee Semivumbi akitaja majirani zake, palikuwa na mtu asiyejulikana anakimbia juu ya paa, na mtafsiri anakohoa.

Siku ya tatu, mchana, kikatoka kipande kimoja. Kilikuwa cha sekunde kumi na moja. Cheusi chote.

Safari hii nilikivaa kile kifaa.

Nilimfuata kambini siku hiyo hiyo. Nilimkuta anafua, nikamwambia ukweli wote: giza, maiti, msumari, filamu tatu nilizozipatia nafasi. Nilitaka anitukane. Ningelala vizuri zaidi kama angenitukana. Alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaianika, akapangusa mikono.

"Na mi nilikuambia aksanti," akasema.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikumsikia Kambale, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa na dunia hii hata leo. Laiti adhabu ingemjua mwenye kosa.

Baadaye kambi zikavunjwa, watu wakarudi makwao na magodoro yao kichwani. Mama Esperance alifika Kalengera akakuta maharage yameota shambani mwa baba yake. Habimana ndiye aliyeyapanda. Akaenda kwa chef wa kijiji, na chef akapanga siku ya kuwasikiliza. Mashahidi wa zamani walikuwa wamekufa au wametawanyika, hakuna anayejua wako wapi. Akanitumia ujumbe: papa, uje useme kwamba video ilikuwepo. Sikuwa na haki ya kukataa. Nilipanda gari la kaskazini na kompyuta yangu mapajani.

Walikaa kwenye barza ya nyumba ya chef, wazee kwenye viti, wengine kwenye ngazi. Nikamtambua Habimana mara moja: ni yule wa arusini. Nilikuwa nimemhifadhi vizuri sana, nimempa hata jina. Alikuwa mtu mwenye adabu, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Papa Faustin," chef akasema, "uliiona ile video?"

"Niliiona, chef."

"Yote?"

"Sekunde tano."

"Bien. Mu zile sekunde tano, uliona nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja katika jambo hili, na sikuwa na uwongo wa pili ndani yangu.

"Giza," nikasema.

Watu wa kwenye ngazi wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ningekuwa mimi ningecheka pia. Chef akawanyamazisha. Nikasema nina kipande, nikakifungua, nikaiweka kompyuta juu ya meza. Kioo kikabaki cheusi. Kikasikika kishindo cha buti za mpira kwenye majani mabichi, mtu anapumua kwa shida, kisha sauti ya mzee, karibu kabisa, anauliza kwa nguvu kama anayemwita mtu aliye mbali: "Esperance! Hii kitu inashika? Esperance! Inashika?" Basi.

Habimana alivua kofia. Akaiweka magotini, akainamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. "Ni yeye," akasema. "Ni sauti ya kaka yangu." Wazee wote wakakubali kwamba ni yeye. Nilidhani kwa muda mfupi, mjinga mimi, kwamba machozi yale yatafanya kazi ambayo video haikuifanya.

"Ni yeye," chef akasema taratibu. "Lakini hapa hasemi shamba. Hasemi mupaka. Anauliza tu kama simu inashika picha." Akawageukia wazee, wakanong'onezana, na kabla jua halijafika kati ilikuwa imekwisha. Shamba ni la Habimana kwa desturi. Kwa huruma yake, atamwachia binti wa kaka yake kipande cha chini, kule kwenye mawe, alime maharage mpaka watoto wakue. Habimana akakubali, macho bado mekundu. Alilia kweli, na shamba akalichukua kweli. Nimeishi miaka mingi na bado sijui mtu anafanyaje yote mawili.

Mtaniuliza nawapa faraja gani. Sina. Nilitumia maisha yangu kujaza kumbukumbu za watu kwa risasi za uwongo, katika nchi ambayo ina risasi za kweli za kutosha, na kwa ajili hiyo nikafuta arusi zao na wazee wao. Kazi yenyewe imekufa, na sijui kama nailaumu. Ninyi hamnihitaji tena. Mnavuta wenyewe, mnatazama wenyewe, mnafuta wenyewe. Kila mmoja wenu sasa ni Papa Karte wa simu yake, ila hamkuwa na Kambale. Najua mtasoma haya na mtafuta kesho kama kawaida. Hata hivyo nasema: kabla ya kufuta cheusi, weka kitu sikioni.

Siku ile Mama Esperance alinisindikiza mpaka barabarani kungoja gari. Malori yalipita, vumbi likatulia, likapanda tena. Kisha akaniomba nifungue kompyuta mara moja zaidi, betri ikiwa bado ina nguvu. Nikaiweka juu ya jiwe, nikampa kile kifaa cha sikioni, lakini alikikataa. Alitaka isikike nje.

Buti zikatembea kwenye majani. Mzee akapumua, akaita: "Esperance! Hii kitu inashika? Esperance! Inashika?"

Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kile kioo cheusi.

"Inashika, papa," akaitika. "Endelea."

Na faili likaishia hapo.